Kempa chakavu Marekani: Ubao mmoja wa rangi tofauti hula faida

WANUNUZI wa kempa zilizotumika nchini Marekani wana desturi moja ambayo mfanyabiashara mgeni katika soko hilo huchelewa kuijua. Kabla ya kuzungumza bei huingia ndani, husimama katikati na kuzungusha macho kwenye mbao: fremu za madirisha, milango ya makabati na mikanda ya mbao inayofunika maungio ya ukuta na dari.

Hawatafuti urembo. Wanatafuta ubao mmoja usiofanana na wenzake.

Ubao huo ukionekana, bei huanza kushuka hapo hapo, hata kama ni mpya, mzima na umepigiliwa na fundi hodari. Kwa mnunuzi mzoefu, ubao wa rangi tofauti ni taarifa kwamba mahali pale palifunguliwa. Na ukuta wa kempa haufunguliwi bila sababu. Mara nyingi sababu ni maji yaliyovuja.

Ndiyo maana kazi inayoonekana ndogo, ya kulinganisha rangi ya ubao mpya na mbao za zamani, inaweza kuamua iwapo mwekezaji mdogo ataondoka na faida au na hasara.

Kwa wasioifahamu, kempa ni nyumba ndogo juu ya magurudumu. Ina kitanda, jiko, makabati na mara nyingi choo. Aina inayonunuliwa zaidi haina injini. Huvutwa na gari kama trela. Wamarekani huitumia wakati wa likizo, na wapo wanaoishi humo mwaka mzima.

SOKO LA KUPANDA NA KUSHUKA

Kempa nyingi za Marekani hutengenezwa katika eneo moja, kaunti ya Elkhart na jirani zake, kaskazini mwa jimbo la Indiana. Kwa kuwa ni bidhaa ya starehe, hununuliwa kwa wingi watu wanapokuwa na fedha na mikopo ikiwa rahisi, na huachwa mara uchumi unapoyumba.

Takwimu za chama cha watengenezaji, RVIA, zinaonyesha jinsi soko hilo linavyoyumba. Mwaka 2006 viwanda vilipeleka kwa wauzaji magari ya aina hiyo takriban 390,000. Mwaka 2009, baada ya msukosuko wa mabenki, idadi ilianguka hadi takriban 165,000.

Wakati wa ugonjwa wa Korona mambo yaligeuka. Watu walikimbia ndege na hoteli, na mwaka 2021 viwanda vilifikia rekodi ya magari 600,240. Miaka miwili baadaye, mwaka 2023, yalikuwa 313,174 tu, karibu nusu. Mwaka 2024 yalipanda kidogo hadi 333,733.

Kwa mfanyabiashara mdogo, namba hizo zina maana mbili. Kwanza, kempa zilizonunuliwa kwa pupa wakati wa Korona zimeanza kurudi sokoni kama mitumba, pamoja na zile za miaka mingi zaidi. Bidhaa ipo na mnunuzi ana nafasi ya kuchagua.

Pili, mnunuzi mwenye nafasi ya kuchagua hasamehe. Kempa mbili za mwaka mmoja zikisimama uwanja mmoja kwa bei moja, ile yenye ubao wenye walakini ndiyo itakayobaki.

HESABU YA UBAO MMOJA

Chukua mfano, ambao ni wa kuelezea hesabu tu. Mfanyabiashara ananunua kempa chakavu kwa dola 5,000. Anatumia dola 1,200 kwa matairi, taa, kuziba paa na kubadilisha mbao zilizooza chini ya dirisha. Anatarajia kuuza kwa dola 8,500, yaani faida ya dola 2,300.

Mbao zenyewe zilizobadilishwa zimemgharimu dola 60. Rangi amenunua kopo la kwanza aliloliona dukani, lenye picha inayofanana na makabati, akapaka jioni moja. Asubuhi mbao zimekuwa nyekundu mahali ambapo wenzake ni za rangi ya asali.

Mnunuzi anaziona na kuuliza kuhusu maji. Muuzaji anaeleza kwamba tatizo limekwisha. Mnunuzi anajibu kwamba huenda ni kweli, lakini atoe dola 1,000. Wakikubaliana, zaidi ya asilimia 40 ya faida imeondoka kwa sababu ya ubao wa dola 60.

Hasara hiyo haitokani na rangi yenyewe. Inatokana na shaka iliyoletwa na rangi. Mnunuzi hawezi kuona ndani ya ukuta, hivyo husoma kile anachoweza kukiona.

MBAO AMBAYO SI MBAO

Kosa la kwanza la wengi ni kununua rangi kabla ya kujua wanapaka juu ya kitu gani. Ndani ya kempa, kinachoonekana kama mbao kinaweza kuwa kimojawapo cha vitu vitatu.

Cha kwanza ni mbao halisi, ubao mzima uliopasuliwa kutoka kwenye gogo. Milango ya makabati ya kempa za bei ya juu mara nyingi hutengenezwa hivyo, kwa mwaloni, mcheri au mepo.

Cha pili ni plaiwudi iliyovikwa tabaka jembamba la mbao nzuri. Kempa nyingi za miaka ya 1950 na 1960 zilivikwa ndani plaiwudi nyembamba ya birchi, mti wa nchi za baridi wenye mbao nyeupe, kisha zikapakwa sheleki au vanishi. Rangi ya asali inayopendwa leo na wakusanyaji wa kempa hizo haikutoka kiwandani yote. Sehemu yake imetengenezwa na miaka na mwanga.

Cha tatu si mbao kabisa kwa nje. Ni karatasi au plastiki iliyochapishwa picha ya mbao na kugandishwa juu ya plaiwudi laini au ubao wa unga wa mbao. Kempa nyingi zilizotengenezwa katika miongo ya karibuni zimejaa vitu hivyo, hasa kwenye kuta, mikanda ya ukingo na fremu za makabati.

Mara nyingi aina mbili au tatu hukaa pamoja. Mlango wa kabati ni mwaloni halisi, na fremu inayouzunguka ni plastiki iliyochapishwa ili ifanane nao.

Kuzitofautisha hakuhitaji mtaalamu. Picha ya mbao hurudia: fundo lile lile huonekana tena mbele kidogo kwenye ukuta ule ule. Kwa kioo cha kukuzia, vitone vya wino huonekana. Kwenye ncha iliyokatwa, mbao halisi huendeleza mistari yake hadi upande wa pili, lakini picha hukomea ukingoni.

Umuhimu wa jambo hili ni wa kifedha. Rangi ya mbao hufanya kazi kwa kupenya. Juu ya plastiki haina pa kupenya. Huelea, hufutika au hubaki kama uchafu. Mfanyabiashara anaweza kununua makopo matano na kutupa yote.

KWA NINI JINA LA KOPO HUDANGANYA

Makopo ya rangi ya mbao hupewa majina ya miti, na mteja hudhani kwamba akiona kabati la mcheri atanunua kopo lililoandikwa mcheri. Sivyo.

Rangi inayopenya haifuniki mbao kama rangi ya ukutani. Inachanganyika na rangi ya mbao yenyewe. Kopo moja likipakwa kwenye paini, mwaloni na birchi hutoa rangi tatu tofauti. Anayezijua samani za Keko jijini Dar es Salaam hatashangaa: paini ikipakwa ili ifanane na mninga, hubaki paini iliyopakwa, na mwenye jicho huiona.

Aidha, baadhi ya mbao hazinywi rangi kwa usawa. Paini, birchi, mepo na mcheri hunywa sana mahali pamoja na kukataa mahali pengine, matokeo yake yakawa madoa. Mafundi hupunguza tatizo hilo kwa kupaka kwanza tabaka jepesi la sheleki iliyozimuliwa kwa spiriti, au kwa kutumia rangi nzito ya aina ya jeli, inayokaa juu zaidi na kupenya kidogo.

Jambo la tatu ni umri. Mcheri huiva na kuwa mwekundu mzito kadiri unavyopata mwanga. Paini na birchi hugeuka manjano. Vanishi ya mafuta nayo huiva na kuelekea rangi ya asali, wakati vanishi nyingi za maji hubaki nyeupe kama kioo. Kwa hiyo mfanyabiashara halinganishi na rangi iliyotoka kiwandani mwaka ule. Analinganisha na rangi hiyo pamoja na miaka yake yote.

Kuna la nne, ambalo wengi huligundua wakiwa wamechelewa: uchafu. Jiko la kempa liko hatua mbili kutoka kitandani, na mvuke wa mafuta hutua kila mahali. Anayelinganisha rangi kabla ya kusafisha hulinganisha na mafuta ya kupikia. Siku kempa itakapooshwa kwa ajili ya mauzo, mbao za zamani zitang'aa na ubao mpya utabaki mweusi.

VIBAO VYA MAJARIBIO

Njia ya uhakika ni moja, nayo haina siri. Rangi hujaribiwa kwanza kwenye vipande vidogo vya ubao ule ule utakaotumika, si kwenye kipande chochote kilichookotwa karakana.

Hatua ya kwanza ni kuosha mbao za zamani na kuziacha zikauke. Hatua ya pili ni kujua zimepakwa nini. Mahali pa kificho, kwa mfano nyuma ya mlango wa kabati, tone la spiriti huwekwa kwenye kitambaa na kusuguliwa. Ikiwa tabaka la juu linayeyuka na kunata, ni sheleki. Ikiwa spiriti haifanyi kitu lakini thina ya laka inaliyeyusha, kuna uwezekano mkubwa ni laka. Ikiwa vyote viwili havifanyi kitu, huenda ni vanishi ngumu ya kisasa kama poliyurethani.

Hatua ya tatu ni msasa. Ubao uliosuguliwa kwa msasa laini hunywa rangi kidogo kuliko uliosuguliwa kwa msasa wa kukwaruza. Kibao cha majaribio kikisuguliwa kwa namba 220 na ubao wenyewe kwa namba 120, kopo moja litatoa rangi mbili. Namba lazima iwe moja kwa vyote.

Hatua ya nne ni kuanza na rangi nyepesi kuliko inayohitajika. Ubao mweupe unaweza kutiwa giza kwa mkono wa pili. Ubao uliokwisha kuwa mweusi hauwezi kurudishwa ila kwa kusuguliwa upya, na plaiwudi yenye tabaka jembamba haivumilii kusuguliwa mara nyingi. Tabaka likiisha, ubao umekwisha.

Rangi moja isipotosha, mbili huchanganywa. Lakini ziwe za mtengenezaji mmoja na aina moja, ya mafuta kwa mafuta au ya maji kwa maji. Vipimo huandikwa nyuma ya kibao: vijiko vitatu vya hii, kimoja cha ile, iliachwa dakika tano kabla ya kufutwa. Asiyeandika atapata rangi nzuri mara moja tu, na hataweza kuirudia ubao wa pili utakapokuja.

Hatua ya tano ndiyo inayorukwa zaidi. Kibao hakihukumiwi kabla ya kupakwa vanishi. Rangi ikikauka hupauka na kuonekana kama vumbi. Vanishi ikipanda juu yake, giza na uhai hurudi. Anayehukumu kabla ya vanishi huongeza rangi isiyohitajika, kisha vanishi humfichulia kosa lake.

Kwa kazi hii makopo makubwa hayana sababu. Marekani rangi ya mbao huuzwa pia katika makopo madogo ya mililita 237. Makopo mawili madogo, vibao sita na usiku mmoja wa kusubiri ni gharama ndogo kuliko dola 1,000 za shaka.

RANGI MBILI KATIKA NURU MBILI

Mnunuzi wa kitambaa Kariakoo hukitoa nje ya duka akitazame juani kabla ya kulipa. Ana haki. Rangi mbili zinaweza kufanana kabisa chini ya taa moja na kutofautiana chini ya nyingine, kwa sababu zimetengenezwa na viini tofauti ambavyo kila kimoja huakisi mwanga kwa namna yake.

Ubao wa kempa una tatizo hilo hilo. Umelinganishwa karakanani chini ya taa ndefu nyeupe, kisha unawekwa mahali penye dirisha mchana na taa ya njano usiku. Kwa hiyo vibao vya majaribio hupelekwa ndani ya kempa, vikasimamishwa pale pale ubao utakapokaa, vikatazamwa mchana na usiku.

Mafundi wenye uzoefu hutumia pia udhaifu wa macho kwa faida yao. Macho huona tofauti haraka pale mbao mbili zinapokutana kichwa kwa kichwa kwenye mstari mmoja. Zikikutana kwenye kona, ambako mwanga wenyewe hubadilika, tofauti ndogo hupita. Hivyo badala ya kukata kipande kilichooza na kuunga katikati, hubadilisha mkanda wote kutoka kona hadi kona.

Njia nyingine haihitaji rangi kabisa katika sehemu inayoonekana. Ubao wa zamani huondolewa mahali pa kificho, kama ndani ya kabati la nguo au chini ya kitanda, ukaletwa mbele. Ule mpya, wenye rangi inayokaribia tu, huenda kificho. Hakuna kopo linaloshinda ubao uliozeeka ndani ya kempa ile ile.

PALE RANGI ISIPOFAA

Kwa mikanda na fremu za plastiki iliyochapishwa, mfanyabiashara ana njia chache. Anaweza kutafuta kipande cha aina hiyo kutoka kwenye kempa iliyovunjwa kwa ajili ya vipuri. Anaweza kumwagiza muuzaji wa vipuri wa kiwanda kilichoitengeneza, ikiwa muundo huo bado upo.

Akikosa, ni afadhali aache kulinganisha na kuchagua tofauti ya makusudi. Fremu zote zikipakwa rangi moja inayofunika, kwa mfano nyeupe, juu ya rangi ya msingi ya kushika plastiki, hakuna ubao unaobaki peke yake. Mnunuzi anaona chumba kilichopakwa upya, haoni kiraka.

Njia hiyo haiifai kempa ya zamani yenye birchi halisi. Wapenzi wa kempa hizo wanalipia mbao zenyewe, na aliyezifunika kwa rangi nyeupe amefunika thamani aliyoinunua.

MATAMBARA YALIYOUNGUZA GHOROFA

Kuna gharama nyingine ambayo haimo katika hesabu za wengi. Matambara yaliyotumika kufuta rangi au vanishi ya mafuta hupata joto yenyewe yanapokauka, hasa yakirundikwa pamoja. Joto likikosa pa kutokea, huwaka moto bila kiberiti.

Hili si jambo la kutishana. Februari 23, 1991, moto ulizuka usiku katika ghorofa ya 22 ya jengo la One Meridian Plaza, mjini Philadelphia, lenye ghorofa 38. Chanzo kilikuwa matambara yenye mafuta ya kitani yaliyoachwa na mafundi waliokuwa wakisafisha na kurudishia rangi mbao za ukutani. Wazimamoto watatu walikufa, ghorofa nane ziliungua, na jengo lilibomolewa mwaka 1999.

Ikiwa mnara wa ghorofa 38 uliangamia, kempa ya plaiwudi haina la kusema. Matambara hutandazwa nje moja moja hadi yakauke na kukakamaa, au huzamishwa ndani ya maji katika debe la chuma lenye kifuniko.

Vilevile, mbao za zamani zilizofunikwa kwa rangi ya kawaida hazisuguliwi ovyo. Marekani ilipiga marufuku rangi zenye madini ya risasi kwa matumizi ya majumbani mwaka 1978. Kempa iliyopakwa kabla ya hapo inaweza kuwa nayo, na vumbi lake ni sumu, hasa kwa watoto. Kipimo cha kuichunguza huuzwa madukani.

KULINGANISHA SI KUFICHA

Hapo ndipo biashara hii inapogusa uaminifu. Ustadi unaoufanya ubao mpya usionekane ndio unaoweza kutumiwa kufunika uozo ambao haukuondolewa. Muuzaji wa namna hiyo hajalinganisha rangi. Ameuza maji yaliyofichwa nyuma ya vanishi.

Mnunuzi mdogo anayepeleka akiba yake katika kempa chakavu asiridhike basi na mbao zinazofanana. Abonyeze kwa kidole chini ya kila dirisha na kwenye kona za dari. Ukuta mzima hukataa, uliooza huitikia. Anuse makabati yaliyofungwa. Apande ngazi atazame gundi za kuziba kwenye paa. Kifaa kidogo cha kupima unyevu hugharimu fedha kidogo na hakidanganywi na rangi.

Ashuku pia uzuri uliozidi mahali pamoja. Ukuta mmoja wenye vanishi inayong'aa kati ya kuta tatu zilizofifia unauliza swali lile lile la ubao wa rangi tofauti.

Kwa upande wake, muuzaji mwaminifu ana silaha isiyo na gharama: picha. Apige picha ukuta ukiwa wazi, mbao zilizooza zikiwa zimetolewa, mbao mpya zikiwa zimewekwa na paa likiwa limezibwa. Ahifadhi risiti. Mnunuzi akiuliza, aonyeshwe. Kazi iliyofanywa vizuri na kuelezwa wazi huongeza bei, kwa sababu mnunuzi anajua mahali hapo hapatamgharimu kesho.

Rangi iliyolingana huondoa shaka ya macho. Picha na risiti huondoa shaka ya moyo. Muuzaji anahitaji zote mbili.

MSIMU WA KUNUNUA NA WA KUUZA

Katika majimbo yenye baridi, bei za kempa zilizotumika hufuata majira. Wauzaji huwa na haraka majani yanapoanguka, kwa kuwa hawataki kulipia mahali pa kuzihifadhi wakati wa theluji. Wanunuzi huwa na haraka mwishoni mwa baridi na mwanzo wa joto, wanapopanga safari.

Mwenye mtaji mdogo hununua Oktoba au Novemba na kulenga kuuza Aprili au Mei. Miezi ya katikati ndiyo ya matengenezo, lakini ndiyo adui wa rangi. Ndani ya kempa isiyo na joto, rangi ya mafuta hukauka polepole mno na vanishi hubaki ikinata kwa siku nyingi. Makopo mengi yameandikwa kiwango cha chini cha joto, na si maneno ya kupamba.

Anayejua hilo hufungua ukuta na kuziba paa mapema, kabla ya baridi kali, akachukua ubao mmoja wa zamani na kuupeleka nyumbani au karakana yenye joto. Vibao vya majaribio hutengenezwa hapo kando yake, bila haraka, kimoja baada ya kingine. Mbao mpya hupakwa na kukaushwa hapo hapo, zikasubiri.

Baridi ikipungua, vibao hurudishwa ndani ya kempa kwa hukumu ya mwisho, mchana na usiku, ndipo misumari ipigwe. Mnunuzi wa kwanza wa msimu atakapoingia na kuzungusha macho, asikute ubao wa kuuliza habari zake.